Usalama kama Lengo la Dola: Mafunzo Kutoka Daa, Karatu na Ngorongoro



Himdi zote anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote, na swala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba zake. Amma ba'ad:

Suala la kwa nini watu wanahitaji dola, na dola ipo kwa ajili ya nini hasa, limeshughulisha vichwa vya wanavyuoni na wanafalsafa tangu zamani. Kwetu sisi wa visiwani suala hili si la vitabuni tu. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, katika kifungu cha 9, inautaja usalama wa wananchi pamoja na hali yao njema kuwa ndilo lengo kuu la Serikali. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 8, inataja ustawi wa wananchi kuwa lengo kuu, bila ya kulitia neno usalama mahala hapo. Tofauti hiyo ni ya neno moja, lakini ndani yake mna mjadala wa karne nyingi: je, dola imewekwa ili watu wasiogope, au ili waishi vizuri? Na je, mambo hayo mawili yanatenganika?

Katika makala haya tutaeleza kwa ufupi waliyoyasema wataalamu wa Kiislamu na wa Ulaya, kisha tutapanda bara hadi Daa, kata iliyomo katika Wilaya ya Karatu, jirani na Ngorongoro. Historia ya nyanda zile inaonesha kwa uwazi mkubwa jinsi watu walivyoishi kabla ya dola, dola ilivyokuja, na kile ilichowapa na kuwachukulia.

1. AMANI NA RIZIKI KATIKA QUR-AAN

Nabii Ibraahim ('alayhis salaam) alipouombea mji wa Makka, aliomba kwanza uwe mji wa amani, kisha ndipo akaomba watu wake waruzukiwe matunda (Suratul Baqarah, aya ya 126). Katika Surat Quraysh, Allah (S.W.) anawakumbusha Maquraysh neema mbili kwa pamoja: kulishwa baada ya njaa na kusalimishwa na hofu. Na katika Suratun Nahl, aya ya 112, mji uliokuwa na amani na riziki tele uliadhibiwa kwa njaa na hofu pamoja.

Tunaona kuwa hofu na njaa zinatajwa bega kwa bega. Mwenye hofu halimi wala havui, na mwenye njaa hawezi kuacha mali ya mwenziwe kwa muda mrefu. Ndio maana Sayyidna 'Umar (R.A.) alisimamisha adhabu ya kukata mkono katika mwaka wa ukame mkubwa, kiasi cha mwaka wa 18 Hijria, kwa kuwa njaa ilikuwa imewafikisha watu pabaya.

2. WANAVYUONI WA KIISLAMU

Imam al-Mawardi (aliyefariki mwaka 450 Hijria, sawa na 1058) ameeleza kuwa uongozi umewekwa kwa ajili ya kuilinda dini na kuyaendesha mambo ya dunia. Katika wajibu kumi aliouhesabu kwa kiongozi, mmojawapo ni kuilinda nchi ili watu wachume riziki zao na wasafiri hali ya kuwa wamesalimika nafsi zao na mali zao. Katika kitabu chake cha adabu za dunia na dini ametaja mambo sita yanayoitengeneza dunia: dini inayofuatwa, mtawala mwenye nguvu, uadilifu ulioenea, amani ya watu wote, rutuba ya kudumu, na matumaini mapana. Tuzingatie kwamba uadilifu ameutaja kabla ya amani.

Imam al-Ghazali (505 Hijria, 1111) amejenga hoja kwa hatua. Dini haisimami ila kwa elimu na ibada. Elimu na ibada hazipatikani ila kwa uzima wa mwili, chakula, mavazi, makazi na amani. Na hayo hayadumu ila kwa mamlaka inayotiiwa. Mtu anayekesha akiulinda mlango wake dhidi ya panga la jirani hana nafasi ya kusoma wala kuabudu kwa utulivu. Kwa hivyo usalama kwake ni njia ya kufikia jambo kubwa zaidi, na mambo matano ya dharura, yaani dini, nafsi, akili, kizazi na mali, ndiyo yanayolindwa kwa njia hiyo.

Ibn Khaldun (808 Hijria, 1406) alisema kuwa watu hawawezi kuishi isipokuwa kwa kusaidiana, na kwa kuwa tabia yao ina uadui na dhulma, hapana budi awepo wa kuwazuia wasidhulumiane. Lakini hakuishia hapo. Alionya kuwa dhulma ya watawala wenyewe huubomoa ustaarabu: watu wakinyang'anywa mali zao hukata tamaa ya kuchuma, mikono hulegea, masoko hufa, na wenyeji huhama.

3. WANAFALSAFA WA ULAYA

Thomas Hobbes, Mwingereza aliyeandika katika zama za vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini mwake, alitoa kitabu chake Leviathan mwaka 1651. Kwa maoni yake, pasipokuwa na mamlaka ya kuwatia watu wote haya na hofu, kila mtu huwa tishio kwa mwenziwe; hapana kilimo, hapana safari za baharini, hapana elimu. Kwa hiyo watu hukubaliana kumwachia mtawala nguvu zao ili awalinde. Na utii huo, hata kwa Hobbes mwenyewe, hudumu kwa kadiri mtawala anavyoweza kulinda. Ulinzi ukikatika, utii nao hauna msingi.

John Locke, mwaka 1689, aliona Hobbes amempa mtawala kupita kiasi. Kwake yeye dola ipo kulinda maisha, uhuru na mali, na mtawala anayevivamia vitu hivyo amekuwa yeye ndiye mvamizi. Montesquieu wa Ufaransa, mwaka 1748, aliueleza uhuru kuwa ni ule utulivu wa moyo anaoupata raia anapojiona yuko salama, na kwamba serikali iwe ya namna ambayo raia mmoja hamwogopi mwenziwe. Naye Wilhelm von Humboldt wa Ujerumani, mwaka 1792, alishika msimamo mkali zaidi: kazi ya dola ni usalama tu, dhidi ya adui wa nje na mkorofi wa ndani, ikijitia kuwatafutia watu furaha itawadumaza.

Mwaka 1994 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa lilikuja na rai ya usalama wa binadamu: usalama si wa mipaka na bunduki peke yake, bali ni pia wa chakula, afya, kazi na mazingira. Msomaji wa Surat Quraysh hataliona jambo hili kuwa geni.

4. MAISHA KABLA YA DOLA: NYANDA ZA KARATU NA MBULU

Wenyeji wengi wa Karatu leo ni Wairaqw, ambao kwa Kiswahili huitwa pia Wambulu. Ni wakulima na wafugaji, na lugha yao ni ya jamii ya Kikushi, si ya Kibantu. Katika karne ya 19 wengi wao hawakuwa wakiishi Karatu. Walijibana katika milima ya Mbulu, sehemu ijulikanayo kama Mama Isara, palipo na miteremko mikali na misitu. Uwanda wa chini ulikuwa mpana na wenye malisho, lakini ulikuwa njia ya wavamizi wa mifugo. Wamasai walikuwa wameingia kwa nguvu na kuwaondosha Wadatoga katika bonde la Ngorongoro, na makundi yote mawili yalikuwa na vijana wa vita waliozoea kuchukua ng'ombe.

Wairaqw walijilinda kwa ardhi yenyewe. Nyumba zao za zamani zilichimbwa ubavuni mwa kilima, paa likafunikwa udongo na majani kiasi kwamba mtu akiwa mbali haoni nyumba bali mwinuko wa ardhi, na mifugo iliingizwa ndani usiku. Hawakuwa na mfalme. Mambo yao yaliamuliwa na vikao vya wazee wa kila eneo, mipaka ya maeneo ikajulikana, na aliyeivunja amani aliweza kutengwa na wenziwe mpaka atengeneze alichokiharibu. Wazee waliweza pia kumlaani mkosaji asiyejulikana. Sisi Waislamu hatushiki mambo ya laana na matambiko. Tunachokizingatia hapa ni kwamba watu waliweza kuwa na utaratibu wa ndani bila ya askari wala jela.

Je, Hobbes alikosea basi? Kwa upande mmoja, ndiyo. Watu wasio na serikali hawakuwa wakiuana ovyo. Walikuwa na sheria zao na wakizifuata. Kwa upande mwingine, alikuwa na hoja. Amani ile ilikuwa ya ndani ya mlima tu. Uwanda wenye rutuba, pamoja na ardhi ambayo leo ndiyo Karatu, haukuwa wa kulimwa na kulalwa kwa utulivu. Hofu ilikuwa imewapangia watu mahali pa kuishi.

5. VISIWANI NAKO HAKUKUWA MBALI NA HALI HIYO

Msomaji wa kisiwani asidhani kuwa haya ni ya watu wa milimani. Mwanzoni mwa karne ya 19, wavamizi wa Kisakalava kutoka Bukini walivuka bahari kwa ngalawa, wakaupiga mji wa Kua katika kisiwa cha Juani, Mafia, na kuwachukua watu mateka. Magofu ya misikiti na nyumba za mawe yapo hadi leo. Ngazija na Nzuwani nako walivamiwa mara kwa mara. Ngome ya Mutsamudu ilijengwa kwa sababu hiyo. Aliyechimba nyumba katika kilima cha Mbulu na aliyejenga ukuta wa mawe Nzuwani walikuwa wakikimbia kitu kimoja.

6. DOLA ILIPOFIKA, NA BEI YAKE

Wajerumani walipoishika nchi hizo mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, kisha Waingereza baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, uvamizi mkubwa wa mifugo ulipungua. Katika miongo iliyofuata Wairaqw waliteremka kutoka mlimani na kuenea: Karatu, Mbulumbulu, Oldeani na pembezoni mwake. Mashamba ya mahindi na ngano yanayoonekana leo kandokando ya barabara iendayo Ngorongoro ni matunda ya amani hiyo. Hapa usalama si neno la kinadharia: ulimwezesha mtu kulala palipo na rutuba badala ya palipo na maficho.

Lakini dola ile haikuletwa kwa ajili ya Wairaqw. Ilitaka kodi, ilitaka vibarua, na ardhi nzuri za Oldeani na kwengineko ziligawiwa walowezi. Wadatoga walionja upande mwengine wa ulinzi huo: Wajerumani waliwanyonga baadhi ya viongozi wao, na Waingereza walitumia sheria ya adhabu ya pamoja, ambapo kosa la kijana mmoja lililipwa kwa ng'ombe wa jamaa zake wote. Kwa mtawala, hiyo ilikuwa njia rahisi ya kuleta utulivu. Kwa Uislamu, msingi uko wazi: hakuna nafsi inayobeba mzigo wa nafsi nyengine (Suratul An'aam, aya ya 164). Usalama unaopatikana kwa kumwadhibu asiyetenda ni hofu iliyohamishwa kutoka nyumba moja kwenda nyengine.

Ulinganishe na yaliyosimuliwa na wanahistoria wa Kiislamu kuhusu mji wa Hims, huko Shamu, kabla ya vita vya Yarmuk mwaka 636. Waislamu walikuwa wamepokea jizya kutoka kwa wenyeji wasiokuwa Waislamu kwa ahadi ya kuwalinda. Jeshi kubwa la Warumi lilipokaribia na ikaonekana kuwa ulinzi hautawezekana, Abu 'Ubayda (R.A.) aliamuru fedha zirudishwe kwa wenyewe. Kodi ilikuwa na sababu yake. Sababu ilipoondoka, kodi nayo iliondoka.

7. DOLA INAPOKUWA MBALI: SUNGUSUNGU

Uhuru haukumaliza suala hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe na ujambazi ulipozidi katika sehemu za Shinyanga na Tabora, wanavijiji wa Kisukuma na Kinyamwezi walianzisha ulinzi wao wenyewe, ukaitwa sungusungu. Ulienea haraka kwa sababu ulifanya kazi ambayo polisi walikuwa hawaifiki. Serikali iliutambua, na mwaka 1989 Bunge likaupa nafasi katika sheria ya mgambo.

Sungusungu walirudisha ng'ombe wengi kwa wenyewe. Vilevile palitokea vipigo, vifo na tuhuma za uchawi zisizo na ushahidi. Funzo ni kwamba watu hawawezi kukaa bila ulinzi. Dola ikichelewa, watautengeneza wenyewe, lakini ulinzi usio na kadhi wala ushahidi hugeuka haraka kuwa dhulma.

8. NGORONGORO: KULINDA NINI, NA KWA AJILI YA NANI?

Mwaka 1959 eneo la Ngorongoro, lenye kiasi cha kilomita za mraba 8,300, lilitengwa na Serengeti. Wamasai waliotolewa Serengeti waliruhusiwa kuishi humo pamoja na wanyamapori. Mwaka 1974 waliokuwa wakikaa ndani ya kreta waliondoshwa, na mwaka 1975 kilimo kikapigwa marufuku, kikaruhusiwa kwa kiasi mwaka 1992, kisha kikazuiwa tena. Kuanzia mwezi wa Juni 2022 familia zilianza kuhamishiwa Msomera, wilayani Handeni, mkoa wa Tanga. Serikali inasema kuhama ni kwa hiari, kwamba watu na mifugo wameongezeka kupita uwezo wa eneo, na kwamba wanaohama wanapewa nyumba na mashamba. Wakaazi wengi na watetezi wa haki za binadamu wanasema kuwa huduma za jamii zimepunguzwa ili watu wachoke waondoke.

Hatukusudii hapa kuhukumu kesi hiyo. Tunachotaka kuonesha ni kuwa neno ulinzi limepata maana mpya. Kinacholindwa ni nyasi, maji, faru na mapato ya utalii, mambo yenye manufaa kwa umma. Lakini mfugaji anauliza: katika ulinzi huu, mimi ni mlindwa au ni tishio? Dola isipokuwa na jibu la swali hilo linalomtosha mwenye kuuliza, haijatimiza lengo lake kwake, hata ikiwa ina askari wengi.

Upande wa Karatu swali ni jengine. Tembo na nyati hutoka katika msitu wa Ngorongoro na kuingia mashambani. Mkulima akimuua mnyama, anaweza kushitakiwa. Mnyama akiharibu shamba, sheria inampa mkulima malipo yanayoitwa kifuta jasho, na akiuawa mtu, jamaa hupewa kifuta machozi. Majina yenyewe yanasema kuwa hayo si fidia kamili. Dola imeiwekea mipaka haki ya mkulima ya kujilinda mwenyewe kwa silaha, na kwa kufanya hivyo imechukua dhamana ya kumlinda. Amana haichukuliwi nusu.

9. MLINZI ANAPOOGOPEWA

Tarehe 26 na 27 Januari 2001, katika maandamano ya kupinga matokeo ya uchaguzi wa 2000, vyombo vya dola vilitumia risasi Unguja na Pemba. Zaidi ya watu 20 waliuawa, na zaidi ya watu 2,000 walivuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Muafaka ulitiwa saini mwezi wa Oktoba mwaka huohuo, na tume iliyoongozwa na Brigedia Jenerali Hashim Mbita ikaundwa kuchunguza. Njia ya maridhiano iliendelea hadi kura ya maoni ya 31 Julai 2010 iliyoleta Serikali ya Umoja wa Kitaifa.

Familia nyingi za Pemba hazihitaji kuelezwa na Locke tofauti iliyopo kati ya kulindwa na kuogopeshwa. Tunayataja haya kwa sababu yanaonesha jambo la kielimu: kilichorudisha utulivu mwaka 2010 hakikuwa kuongezwa kwa askari. Kilikuwa ni watu kukubali kuwa serikali ni ya wote. Amani iliyotangulizwa na uadilifu, kama alivyoipanga al-Mawardi, inahitaji walinzi wachache.

10. VIPIMO VYA USALAMA ULIO WA HAKI

Kutokana na tuliyoyaeleza, mtu anaweza kuyapima madai yoyote ya usalama kwa maswali manne.

Kwanza, ni usalama wa nani? Ukiwa ni wa viongozi au wa kundi moja, haujafikia kuwa lengo la dola.

Pili, ni kutokana na nini? Hofu ya jambazi ni hofu, na hofu ya kulala na njaa au kunyang'anywa shamba nayo ni hofu.

Tatu, nani anaulipia? Usalama wa wengi ukigharimu haki ya wachache, wachache hao wasikizwe na wafidiwe kwa ukamilifu, si kwa kufutwa machozi.

Nne, nani anamhoji mlinzi? Mlinzi asiyeulizwa huwa hatari kuliko mwizi, kwa sababu mwizi hujificha na yeye hajifichi.

11. WAJIBU WETU MAJUMBANI

Ndugu zangu, kuwa usalama ni kazi ya dola hakumwondolei raia wajibu wake. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa aliyeamka akiwa na amani na jamaa zake, mwili wake ukiwa mzima na chakula cha siku hiyo anacho, ni kama aliyekusanyiwa dunia yote. Neema hii hailindwi kwa mikono ya hasira. Mtu akipigiwa kelele za mwizi mtaani, haijuzu kumpiga wala kumuua. Akamatwe apelekwe kwa sheha na polisi, kwani damu ya mtuhumiwa ni amana mpaka kadhi ahukumu. Wala haijuzu kijana kuhukumiwa kwa kosa la ndugu yake, au mtaa mzima kwa kosa la mmoja. Na wenye mamlaka wakumbushwe kwa hekima na kwa njia za halali, kwani kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga.

Mzee wa Kiiraqw aliyeteremka kutoka Mama Isara hadi Karatu alipata shamba kwa sababu uwanda ulitulia. Wajukuu zake bado wanakesha kulinda mahindi dhidi ya tembo, na jirani yake Mmasai anauliza kama kesho atalala palepale. Dola inayoitwa salama ni ile ambayo wote wawili, pamoja na mvuvi wa Kojani na mama muuza samaki wa Mkokotoni, wanafunga milango yao usiku bila ya kumwogopa mwizi wala anayewalinda.

Tunamuomba Allah (S.W.) aijaalie nchi yetu iwe ya amani, awaruzuku watu wake, na awaongoze wanaotutawala kwenye uadilifu. Aamiin.

Wallaahu a'lam.